Senene wa Sweta la Adelard

Hebu mtazame kwanza anavyokuja. Ni asubuhi, mwaka wa arobaini na sita, kwenye njia ya mchanga inayoingia Kinondoni kutoka barabara ya Bagamoyo. Vita vimekwisha, lakini nguo madukani bado ni za kugombania. Mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga kaniki iliyopauka mpaka huwezi kusema kama zamani ilikuwa nyeusi au ya buluu. Kichwani ana sanduku la bati. Mtoto wake wa kike, wa miaka minne, amekataa kubebwa. Anatangulia mbele na kijiti mkononi, anachapa majani ya njiani kama anachunga mbuzi wasioonekana. Kila mlango wanaoupita, yule mama anakunja magoti kidogo anaposalimia, ndiyo adabu ya kwao, na mzigo kichwani hautikisiki. Watu wa Kinondoni wanaitikia huku wakitazamana.

Huyo ndiye Kokuberwa, mtu wa Bukoba. Mtoto ni Avelina. Wametoka Temeke, chumba walichokaa na Adelard, baba wa mtoto, fundi wa reli aliyekufa kwa homa ya siku nne. Arobaini haijaisha, mwenye nyumba akataka chumba chake. Ndani ya sanduku lile hamna kitu cha kukuchelewesha: gauni mbili za mtoto, rozari, sufuria, na sweta moja la kijani la marehemu, limetoboka viwiko.

Alipanga chumba cha uani kwa Mzee Mwinshehe. Chumba cha pili pale uani alikaa Eufrazia, mama wa makamo kutoka upande wa Masasi, na mumewe Albano, mchonga vinyago. Eufrazia alifundishwa na masista kufuma kwa kulabu, na alikuwa akiuza vitambaa vya meza kwa akina memsahibu wa Oyster Bay. Mtu wa moyo mkubwa, mdomo mkubwa, na haraka ya kusaidia. Hiyo haraka ishike, ina kazi yake hapa.

Sasa, kabla ya Adelard alikuwepo mtu mwingine. Kokuberwa aliolewa kwao na Gozbert, karani. Wakakaa miaka mitano bila mtoto. Mwaka wa sita Gozbert akamwambia asubuhi moja, huku anafunga kamba za viatu, arudi kwa kaka yake. Hakumpiga, hakumtukana. Alimwambia kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba mvua inakuja. Kokuberwa akarudi kwa kaka yake, akakaa, akaja kuonana na Adelard, wakahamia Dar es Salaam, Avelina akazaliwa. Gozbert naye alikuwa ameshahamia huku huku, anaandika vitabu vya hesabu katika ofisi moja karibu na bandari, ana mke mwingine. Na yule mke naye, miaka ikapita, hakuzaa.

Umeshaona inakokwenda.

Haukupita mwezi wa pili, Gozbert akafika pale uani na baiskeli inayong'aa, kofia ya jua kichwani. Eufrazia alikuwa kibarazani, Kokuberwa anachagua mchele.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kwa aliyekualika," Kokuberwa akajibu, macho kwenye ungo.

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Mwanao yupi, Gozbert? Yule tuliyemngoja miaka mitano asije? Ukimpata nisalimie."

Eufrazia akacheka kwa sauti. Gozbert hakucheka wala hakukasirika. Akaegemeza baiskeli ukutani kwa uangalifu.

"Wewe hukuachwa," akasema. "Ulichukia ukaenda kwenu. Mwanamke akichukia akaenda kwao akapata mtoto huko, mtoto ni wa nyumba aliyotoka. Unaijua mila."

"Nakujua wewe."

Basi shauri likaenda kwa wazee wa Kihaya waliokuwa hapa mjini. Walikutana Jumapili alasiri sebuleni kwa Mzee Polikarpo, mtunza stoo, mtu wa miwani na sauti ya pole. Jambo lenyewe lilikuwa moja tu: ile ndoa ilikufa au haikufa? Kama ilikufa, Avelina ni wa mama yake na upande wa mama yake. Kama haikufa, ni wa Gozbert. Kaka yake Kokuberwa alileta barua kusema mahari ilirudishwa. Lakini aliyeipeleka alikuwa ameshafariki, na upande wa Gozbert wakasema hawakuona hata mkia wa mbuzi.

Mzee Polikarpo akapangusa miwani. "Basi tuutazame mwenendo. Kokuberwa, tangu uondoke kwa huyu bwana, umewahi kumfanyia jambo ambalo mke humfanyia mume?"

"Hata maji ya kunywa sijampa, mzee."

"Na yeye, amewahi kukufanyia jambo la mume?"

"Hata chumvi."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Wakasema watakaa tena baada ya wiki tatu, waulizeulize kidogo, kisha wakate shauri. Kokuberwa alirudi Kinondoni siku hiyo anatembea kama msichana. Alimwambia Eufrazia, "Dada, nimeshampata mwanangu. Zimebaki wiki tatu tu za kukaa kimya."

Kukaa kimya ndiko kulikomshinda. Anachagua mchele uleule mara tatu, anafagia ua uliofagiwa. Eufrazia akachoka kumwona. Akamletea kulabu ambayo Albano alimtengenezea kwa spoku ya baiskeli, ncha imepindwa na kusuguliwa mpaka laini, na mpini wa mpingo.

"Kaa hapa. Leo unajifunza kufuma."

"Mie? Kitambaa cha meza kitanichukua mwaka."

"Nani kakutajia kitambaa? Anayeanza na kitambaa anakata tamaa, anakitupa. Masista walituanzishia mdudu. Mdudu unamaliza leo leo, unajiona fundi, kesho unataka mwenyewe kuendelea. Una uzi?"

Hakuwa na uzi. Alikwenda chumbani, akakaa kidogo, akatoka na sweta la Adelard. Wakalifumua mkono mmoja, Avelina akizungusha uzi kwenye kijiti chake kile. Uzi ulitoka umejikunja kunja kama nywele, wakaulowesha, wakauanika na jiwe chini yake unyooke.

Mchana wakaanza. Kitanzi kimoja, ndani yake vitanzi sita. Mzunguko wa pili, kila kimoja kizae viwili, viwe kumi na viwili. Halafu usiongeze tena. Zunguka, zunguka, mpaka upate kama kidole cha soksi. Kokuberwa alikaza mno uzi, kulabu ikagoma kupita.

"Mlegezee mwenzio!" Eufrazia akamwambia. "Humnyongi mtu."

"Yupo ninayemnyonga."

Wakacheka wote wawili. Walipofika urefu wa kidole, Eufrazia akachomoa usufi kwenye mto wake mwenyewe, wakashindilia. Kisha kupunguza: vitanzi viwili kukamata kimoja, mpaka tundu lifunge. Macho, mafundo mawili ya uzi mweusi.

"Sasa huyu nani? Nyuki? Panzi?" Eufrazia akauliza.

Kokuberwa alimgeuza mkononi. Kijani, mrefu, mnene katikati. "Huyu ni senene," akasema.

Nikueleze kidogo kama hukukaa na watu wa kule. Senene, ndugu wa panzi, huja na mvua, wengi kama makapi ya mpunga yaliyopeperushwa. Katika nyumba aliyolelewa Kokuberwa, wanawake na wasichana ndio walioamka alfajiri kuwakamata. Ndio waliowachambua mabawa na miguu, ndio waliowakaanga. Lakini hawakula. Senene alikuwa chakula cha mwanamume. Mke aliwafunga kwa jani la mgomba akampelekea mume, na mume akipokea alimpa mkewe nguo. Mke na mume walijulikana kwa hilo, kama wengine wanavyojulikana kwa pete.

"Mie nimekamata maelfu," Kokuberwa akamwambia Eufrazia. "Vidole vinanuka wiki nzima. Sikuonja hata mmoja. Mama yangu kafa hajui utamu wake. Huyu mmoja atakuwa wa Avelina. Wa kwake mwenyewe."

Avelina akamchukua, akamtazama chini juu. "Miguu yake iko wapi?"

"Miguu ni somo la pili," Eufrazia akasema. "Mama yako bado mwanafunzi."

Jioni mtoto akamtengenezea senene kitanda. Akamwambia mama yake amfunike, na mama, mikono ikikumbuka njia ya zamani, akachana jani la mgomba nyuma ya choo, akalipitisha juu ya jiko lilainike, akamfunga senene kwa mikunjo ileile aliyofundishwa na mama yake. Avelina akafurahi sana. Alimbeba hivyo siku mbili, anamfungua, anamfunga.

Jumapili iliyofuata Kokuberwa alikwenda misa ya pili. Eufrazia alikuwa ameshasali ya kwanza, akabaki na mtoto. Gozbert akaja na pakiti ya biskuti. Eufrazia aliwahi kuambiwa na mwenzake, "Huyo asimsogelee mwanangu." Lakini mtu amekuja na biskuti, anasalimia vizuri, ameketi kwenye kigoda na suruali yake ya kaki. Kwa watu wa Eufrazia mgeni hafukuzwi.

"Una nini hapo?" Gozbert akamwuliza mtoto.

"Senene wangu."

Gozbert akaitazama mikunjo ya jani. Akanyoosha mkono. "Nani kamfunga hivi?"

"Mama."

"Nipe mie."

Mtoto akamficha nyuma. Na Eufrazia, mama mwenye adabu zake, akamwambia, "Mpe mgeni, mwanangu. Mtoto mchoyo hapendezi. Mbona yeye kakupa biskuti?"

Avelina akampa. Gozbert alimweka mfukoni bila kumfungua. Hakukaa tena, akaaga.

Kokuberwa aliporudi akamkuta mtoto na makombo mdomoni. "Senene yuko wapi?"

"Nimempa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni wangu mimi," Eufrazia akadakia haraka. "Mama mmoja wa vitambaa. Kampenda, nikaona haya kumnyima. Tutafuma mwingine, na miguu nitakufundisha." Aliogopa ugomvi, basi. Aliona ni uongo mdogo wa kulinda amani ya ua.

Siku tatu baadaye Gozbert akamngoja Eufrazia kisimani. Alikuwa na doti ya kanga, mpya, bado inanukia duka. Mwaka ule! Watu walikuwa wanapanga foleni tangu alfajiri wakirudi na kipande cha kitambaa cha marekani.

"Mama, mwenzio anatembea na kaniki ile utadhani hana mtu duniani. Mie nimekosana naye, lakini si mnyama. Mpe hizi. Usimwambie ni mie, atazitia moto."

Eufrazia aliniambia mwenyewe kwamba machozi yalimlengalenga. Akaona: huyu bwana kumbe ana moyo, labda analiacha lile shauri na hii ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Akazichukua. Kwa Kokuberwa akasema memsahibu mmoja kamlipa vitambaa vyake kwa kanga badala ya fedha, "na mie ninazo, shoga, chukua uende nazo kwa wazee uonekane mtu."

Kokuberwa akaziweka usoni, akazinusa. Akalia kidogo. Siku ya shauri akazivaa, moja kiunoni, moja mabegani, akamshika Avelina mkono, na Eufrazia akafuatana naye kumpa moyo.

Sebule ya Mzee Polikarpo ilijaa. Viti vilikuwa vimeazimwa hata kanisani. Mzee Polikarpo aliuliza kama kuna neno jipya kabla hawajasema lao. Gozbert akasimama, akaingiza mkono mfukoni, akaweka juu ya meza kifurushi cha jani la mgomba, limeshakauka. Akalifungua taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, kila mtu aione ile mikunjo.

Senene wa kijani akalala pale.

Wazee wakaanza kunong'ona kwa lugha yao.

"Kokuberwa," Mzee Polikarpo akasema, "kazi hii ni ya mkono wako?"

Kokuberwa alikuwa ametoa macho. "Ya mkono wangu. Lakini nilimfumia mtoto."

"Mtoto huyu? Wa kike?"

"Ndiyo, mzee."

"Senene?"

"Senene."

Mzee mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaambukiza. Polikarpo akainua mkono wanyamaze.

"Mama yako alikupa senene lini?"

"Hakunipa."

"Bibi yako alimpa mama yako?"

"Hakumpa."

"Sasa wewe umeanzia wapi?"

Jibu alikuwa nalo, lakini halikuwa la kusemwa mbele ya wanaume kumi na wawili wenye viatu. Gozbert akaongeza, kwa upole wake uleule, "Mzee, mtazameni. Mwanasesere wa mdudu huwekewa miguu na mabawa, mtoto acheze. Huyu amechambuliwa. Ni wa kuletwa mezani, nami nilipompokea nilirudisha nguo."

Hapo Eufrazia akashindwa kujizuia. Akasimama. "Wazee, samahani! Miguu mie ndiye niliyemwambia aiache! Ni mwanafunzi, hajui kufuma miguu!"

Kicheko safari hii kilikuwa kikubwa mpaka watoto wakaja kuchungulia dirishani.

"Mama, asante," Polikarpo akasema alipopata pumzi. "Maadam umesimama, utusaidie. Gozbert anasema alipopokea senene alirudisha nguo, kama ipasavyo. Hizo kanga alizovaa mwenzio zimetoka kwa nani?"

Kokuberwa akajibu kabla yake, sauti imetulia: "Amenipa dada Eufrazia. Amelipwa na Mzungu."

Watu wote wakamgeukia Eufrazia. Na Kokuberwa naye akamgeukia.

"Zimetoka kwa Gozbert," Eufrazia akasema. "Lakini yeye hakujua. Mie nilimdanganya. Na mdudu, mtoto hakutaka kumtoa, mie nilimlazimisha ampe mgeni. Haya yote ni mimi."

"Kwa hiyo zimetoka kwa Gozbert."

"Ndiyo, ila..."

"Na senene alitoka nyumbani kwa Kokuberwa akafika kwa Gozbert."

"Alifika, lakini mzee..."

"Mama, wewe ni mgeni wa mambo yetu, hatukulaumu. Rafiki husema mengi kumwokoa rafiki." Akavaa miwani yake. "Nguo mpya, mwaka huu, mtu aivae asijue imetoka wapi? Hapana."

Hawakukaa hata robo saa. Ndoa haikufa. Mtoto ni wa Gozbert, na kwa kuwa mama hataki kurudi, mtoto atapelekwa Bukoba kwa mama yake Gozbert.

Kokuberwa hakupiga kelele. Alivua kanga ya mabegani, akaikunja sawasawa, ncha kwa ncha, akaiweka mezani kando ya senene. Ile ya kiunoni hakuweza kuivua mbele za watu. Akarudi nayo Kinondoni.

Avelina aliondoka amekaa mbele kwenye baiskeli, anapiga kengele. Alidhani anazungushwa kidogo. Hakugeuka nyuma, maana kengele ilikuwa tamu.

Walipofika uani Kokuberwa akamrudishia Eufrazia kulabu yake. "Mdudu sikulaumu," akasema. "Hukujua. Lakini kanga ulijua." Mwisho wa mwezi akahama. Yuko Temeke mpaka leo, anauza vitumbua asubuhi, hataki mtu amfahamishe habari za Kinondoni.

Ningeliacha hapo, lakini mwaka huu wa hamsini na tisa Eufrazia amepata barua. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule. Avelina ana miaka kumi na saba sasa, anasomea ualimu. Anasema amekua akiambiwa kwamba mama yake alimtoa kwa doti ya kanga, kwamba alipewa nguo akaivaa siku ileile. Bibi yake alikuwa akimwimbia hivyo anapomkasirikia. Jina la Eufrazia amelipata kwa mzee mmoja aliyekuwepo. Mwishoni ameandika hivi: "Mama, wewe ulikuwepo. Simwandikii yeye, kwa sababu kama ni kweli sitaki kumfahamu. Kama si kweli, naomba uniandikie. Kama ni kweli, usinijibu kitu, nami nitaelewa."

Eufrazia anajua kusoma na kuandika. Nilimkuta kibarazani na karatasi, bahasha na stempu, vyote vipya. Wiki ya tatu hiyo tangu barua ifike. Kanga zilipokewa, ni kweli. Zilivaliwa, ni kweli. Akitaka kuandika yaliyobaki lazima aanze na yeye mwenyewe, na kila siku anayokaa na kalamu mkononi, kule Bukoba binti anauhesabu ukimya huo na kuuelewa kama jibu.

"Nitaandika kesho," akaniambia. "Nakosa mahali pa kuanzia."

Ingekuwa wewe, msomaji wangu, mstari wa kwanza ungeandika nini?